Mwenye Nguvu Nilimpisha, Nikabaki Juu

Mimi ni fundi wa nguo, mzaliwa wa Kambi Muru hapa Kibera, Nairobi. Nataka kushuhudia jinsi jiu-jitsu ya Kibrazili ilivyonibadilisha, hasa sehemu moja ya mchezo huo ambayo watazamaji wengi hawaioni, nayo ni kuhama. Watu wakisikia kwamba mwanamke wa mtaani kwetu anacheza jiu-jitsu, huuliza kuhusu kukaba koo na kukunja mikono. Hayo yapo na nimejifunza. Lakini kilichonigeuza mimi ni ufundi unaotangulia hayo: kutoka mkao mmoja wa juu kwenda mwingine bila kumpa aliye chini mwanya wa kuponyoka.

Ili nieleweke, sharti nianze na nilikotoka.

Sisi ni Wanubi. Babu zetu walikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la King's African Rifles, na mwaka 1904 walianza kupewa makazi hapa, wakati Kibera ingali msitu. Ardhi hii ilipotangazwa rasmi kuwa ya jeshi mwaka 1918, ilikuwa ekari 4,197. Mwaka 2017, jamii yetu ilipokabidhiwa hati, ilikuwa ya ekari 288. Hesabu hii kila mtoto wa Kinubi huisikia nyumbani kabla hajajua kuiandika. Ukikulia ndani ya hesabu kama hiyo, kushika ulichonacho ni sehemu ya malezi.

Haboba wangu, maana ndivyo tunavyomwita bibi, alinilea kwa mafunzo mawili. La kwanza lilikuwa kwamba ulicho nacho ukishike, kesho hakipo. La pili alilisema kila niliporudi nyumbani nikilia kwamba nimenyang'anywa kitu na watoto wakubwa: mwenye nguvu mpishe. Yote mawili yalinisaidia kuishi. Ila hayakupatana, na nilipokuwa mtu mzima yalinigawa. Nilipokuwa na kitu nilikishika hadi vidole vikaniuma. Alipokuja mwenye nguvu nilimwachia chote.

Nilikuwa na kibanda soko la Toi. Soko lile limeungua zaidi ya mara moja, na moto mmoja ulinikuta. Nilibaki na mkasi na utepe wa kupimia. Nilipojikongoja na kupata cherehani nyingine, nilianza kukifungua kichwa chake kila jioni na kukibeba hadi nyumbani, nikipita Makina na ule mzigo wa chuma begani. Usiku niliamka kupapasa kama bado kipo. Na alipokuja mteja wa kufoka, au mtu wa kuongeza kodi ya kibanda bila taarifa, nilitoa alichotaka, nikanyamaza. Nilikuwa mtu wa mikono miwili: mmoja umekaza, mwingine umelegea kabisa.

Jiu-jitsu ilinijia kama kazi ya kushona. Mwanamke mmoja aliniletea koti jeupe la pamba nene, linalofanana na yale ya judo, lililochanika kwenye ukosi. Nimeshona sare za shule, mabuibui, mapazia na gurbaba za harusi, nguo zetu za Kinubi, lakini ukosi mnene kiasi kile sikuwahi kuuona, wala mpasuko wa namna ile. Nilimuuliza ni nini huchana nguo hivyo. Akaniambia ni mikono ya wanawake wenzake, na kwamba hukutana katika ukumbi mmoja Kawangware, upande wa Congo, wanawake pekee, Jumamosi alasiri. Alikuwa ndiye kocha wao. Alipokuja kuchukua koti aliuvuta ukosi kwa nguvu zake zote, mshono ukashika, akacheka. Akasema, "Dada, mikono inayoshona hivi iko tayari nusu. Njoo umalizie nusu nyingine."

Nilienda. Kutoka Kambi Muru unapanda hadi Toi, unafuata Ngong Road mpaka Dagoretti Corner, kisha unashika Naivasha Road. Ukumbini hapakuwa na mikeka ya kununua dukani. Palikuwa na magodoro ya zamani yaliyopangwa yakabana, na juu yake turubai lililovutwa na kufungwa pembeni. Wanawake walikuwa wa kila namna: msusi, muuza viazi, mwalimu wa chekechea, msichana aliyemaliza kidato cha nne na hajapata kazi. Nilifunga hijabu yangu kwa kubana, nikavaa suruali ndani, nikaingia.

Sitakaa sana kwenye siku za mwanzo. Kila anayeanza mchezo huu huanzia chini. Unafundishwa kuanguka, kulinda shingo, kutumia miguu yako kumzuia aliye juu yako. Miguu hiyo inayozuia ndiyo inayoitwa gadi. Mimi nina mwili mdogo, kwa hiyo huko chini nilikaa muda mrefu, na nilijua vizuri uzito wa kila mwanamke wa ukumbini. Mabadiliko yangu yalianza pale nilipoanza kufika juu.

Kwetu ukumbini tumeipa mikao ya juu majina ya Kiswahili. Ukishaipita miguu ya mwenzako, ukalala kifua juu ya kifua, mwili wako umeukata wake kama msalaba, hapo uko ubavuni. Ukiinuka ukaweka goti lako tumboni mwake, mguu mwingine ukiwa umenyooshwa pembeni kama mhimili, hilo ni goti tumboni. Ukimkalia kwa kumpanda, magoti yako yakiwa pande zote mbili, hiyo ni maunti. Na ukiwa nyuma yake, kifua chako mgongoni mwake, miguu yako imeingia ndani ya mapaja yake, umechukua mgongo. Kuna pia kulala kichwa kwa kichwa, miguu ikielekea pande tofauti, ambako hutumika zaidi kama njia ya kupita kwenda upande wa pili.

Sheria za mashindano zinasema mengi kuhusu fikra ya mchezo huu. Ukiipita gadi unapata pointi 3. Goti tumboni ni pointi 2. Maunti ni 4, na mgongo ni 4. Kila mkao lazima uushike kwa sekunde 3 ndipo refa anyanyue mkono. Baada ya hapo, hata ukibaki palepale dakika nzima, hupati pointi nyingine. Mkao mmoja unalipa mara moja. Na ukiuacha kwa hiari yako ili urudi kuupanda tena, hulipwi. Lakini ukiipita gadi ukatua ubavuni, ukaenda goti tumboni, kisha maunti, kisha mgongoni, umekusanya pointi 13 katika safari moja, na pambano zima la watu wazima wa mkanda mweupe, yaani wanaoanza, ni la dakika 5. Sheria hizo zinampenda anayesonga mbele bila kupoteza alichonacho.

Nilipoielewa sheria hiyo nilistaajabu, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umefundishwa kinyume. Kila nilipofika juu nilikumbatia. Nilibana shingo ya mwenzangu kwa mikono yote miwili, nikafumba macho, nikaomba muda uishe. Kocha alikuja akachuchumaa karibu na kichwa changu, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, umemshika kichwa, lakini mwili wake unaondoka. Legeza mikono. Weka uzito. Halafu umsikilize."

Umsikilize. Nilidhani ni maneno ya kutia moyo tu. Kumbe alikuwa akinipa kanuni ya kazi.

Aliye chini hawezi kukaa kimya. Atafanya moja kati ya mambo machache, na kila moja linafunga mlango mmoja na kufungua mwingine. Ukiwa ubavuni, bega lako likiwa limebana taya lake na mkono wako mwingine umepita chini ya kwapa lake la mbali, atakachofanya kwanza ni kukusukuma kwa mikono ili apate nafasi kati ya kifua chako na chake. Mtu anayekumbatia atapigana na mikono ile hadi achoke. Anayejua kuhama hapigani nayo. Anaiacha imwinue, na katika ile nafasi aliyoitengeneza mwenzake kwa jasho lake mwenyewe, anapitisha goti na kuliweka tumboni. Nguvu za aliye chini ndizo zilizompandisha.

Goti likishakuwa tumboni, uzito wote hupita kwenye mfupa mdogo, na hakuna anayeuvumilia muda mrefu. Atalisukuma goti. Akilisukuma, mikono yake imetoka kifuani na viwiko vimeachana na mbavu. Hapo goti linateleza hadi chini upande wa pili, na umeshafika maunti. Akiamua kukugeukia badala ya kusukuma, unazunguka kupita kichwani kwake na kutua ubavu wa pili. Akikupa kisogo, usihangaike kumrudisha, mfuate mgongoni.

Kwenye maunti ataruka kwa nyonga, kama anavyofundishwa kila mtu, ili akutupe mbele. Unapanua mikono, unaishusha nyonga yako, unauacha ule mruko upite chini yako, kisha unasogeza magoti juu zaidi, kuelekea makwapa. Akishindwa hapo atalala kwa ubavu na kuweka viwiko kwenye goti lako ili atoe mguu. Ukigandamana kwenye maunti yako ya mwanzo, utaipoteza. Ukikubali kwamba maunti ile imekwisha, goti moja litasogea nyuma ya kichwa chake, wayo wa mguu mwingine utakaa mbele ya tumbo lake, na kila anavyozidi kugeuka anakukabidhi mgongo. Mkono mmoja unapita juu ya bega, mwingine chini ya kwapa, unavishikanisha viganja vyako kifuani kwake. Na hata mgongoni, akifaulu kuuondoa mguu wako mmoja na kuanza kushusha mabega hadi kwenye mkeka ili akugeukie, unainua nyonga, unampanda, na uko maunti tena. Njia hii ni duara. Haina ukuta wa mwisho.

Kanuni ya duara lile ni moja, na kocha aliirudia hadi tukaisema naye: usiachie cha kwanza kabla cha pili hakijabeba uzito. Kabla goti halijatoka, mkono uwe umeshika ukosi. Kabla mkono haujaachia ukosi, kifua kiwe kimeshuka. Kila wakati kuna sehemu ya mwili wako inayohama, na sehemu nyingine inayobaki kulinda. Ukihamisha vyote kwa pamoja utakuwa hewani, na aliye chini anaijua hewa mara moja. Usipohamisha chochote, utaondolewa na yeye, kwa wakati anaotaka yeye.

Mchezo huu ulijengwa na watu waliokuwa na sababu ya kufikiri hivyo. Mjapani Mitsuyo Maeda, mwanajudo, alifika Brazil mwaka 1914, na katika mji wa Belém akamfundisha kijana Carlos Gracie. Ndugu yake Carlos, Hélio Gracie, alikuwa mwembamba na dhaifu, akaifanyia kazi elimu ile ili imfae mtu asiye na nguvu. Mwaka 1951 alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo aliyemzidi uzito sana, katika uwanja wa Maracanã. Alishindwa, na kufuli ya mkono iliyomshinda inaitwa Kimura hadi leo katika kila ukumbi duniani. Royce, mwanawe Hélio, aliingia shindano la kwanza la UFC huko Denver tarehe 12 Novemba 1993, ambalo halikugawanywa kwa uzito, akalishinda. Wanawake walianza kushindana katika ubingwa wa dunia wa jiu-jitsu mwaka 1998, miaka miwili baada ya ubingwa huo kuanza. Na hapa nyumbani, judo, mama wa mchezo huu, imetupa Esther Ratugi aliyeiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Kwa hiyo dada anayedhani kwamba mkeka si mahali pake ajue kuwa wengine wamekwishapita.

Na kwa nini kuhama kunamfaa asiye na nguvu? Mtu mzito akikaa juu yako, hata asijue kitu, ni kazi kumwondoa. Mtu mwepesi hana bahati hiyo. Mwepesi akikaa, anatupwa. Akihama kwa wakati wake, kila mahali anapotua anaonekana mzito kuliko alivyo, kwa sababu anatua pale ambapo mwenzake hana mkono wa kumzuia. Niliyajua haya kwa maneno muda mrefu kabla mwili wangu haujayajua.

Siku mwili ulipoyajua nilikuwa nacheza na yule mama muuza viazi. Ni mwanamke mwenye mikono iliyobeba magunia tangu utotoni, na mara nyingi alikuwa ameninyanyua kutoka kifuani mwake na kuniweka pembeni kwa upole, kama anavyomweka mtoto. Siku hiyo nilipita miguu yake nikafika ubavuni. Nilisikia mikono yake ikijikusanya chini ya bega langu na nikajua kwamba nguvu zake zinakuja. Badala ya kukaza, nilimpisha. Mikono ilipopanda nilipanda nayo, goti likakaa tumboni. Akalisukuma, nikateleza. Akaruka kwa nyonga, nikauacha mruko upite. Akageuka ubavu, nikaachia maunti bila huzuni yoyote, na mgongo ukawa mbele yangu. Mkono wangu ulipofika kwenye ukosi wake, alinigonga pajani mara mbili, ishara ya kwamba amekubali kushindwa. Tukakaa, tunahema. Akaniuliza, "Dada, uzito huo umeutoa wapi?"

Sikuwa na jibu la kumpa pale, lakini njia nzima ya kurudi, kutoka Naivasha Road hadi Toi, nilikuwa naisikia sauti ya haboba. Mwenye nguvu mpishe. Maisha yangu yote nilidhani maana yake ni uondoke, umwachie mahali. Kumbe unaweza kuipisha nguvu yake na wewe mwenyewe usiondoke. Unaipa nguvu njia ipite, na yeye ukabaki naye.

Hapo ndipo mafunzo yangu mawili yalipopatana. Kushika na kupisha si maadui. Unapisha kwa sehemu moja, unashika kwa nyingine, na unahama.

Mabadiliko hayakubaki Kawangware. Mteja alipokuja kibandani akafoka kuhusu suruali, mwanamume mkubwa mwenye sauti ya kusikika hadi kwa wauza viatu, nilimwacha aseme yote. Pumzi yangu ilikuwa imetulia, kama inavyotulia mtu anapokusukuma na wewe unajua nguvu hiyo inaelekea wapi. Alipomaliza nilimwonyesha vipimo alivyovisema mwenyewe, nilivyoviandika mbele yake, nikamwambia bei ya kurekebisha. Alilipa. Zamani ningerekebisha bure, nikajichukia usiku.

Kazi nayo nimeihamisha. Kupunguza na kurekebisha mitumba kulikuwa ndiko kulikonilisha, lakini nilikuwa nakuona kunavyopungua mwaka hadi mwaka. Mimi wa zamani ningeng'ang'ania hadi kuishe. Mimi wa sasa nilianza kushona sare za shule kidogo kidogo huku mitumba ikiendelea kunilipia kodi. Sare zilipobeba uzito, ndipo nilipoachia sehemu ya mitumba. Sasa nashona pia makoti ya mazoezi na kuimarisha kosi zilizochanika, na sare zinaendelea kunilinda ninapojaribu. Nimekodi chumba cha matofali pamoja na mafundi wenzangu, chenye mlango wa chuma. Kichwa cha cherehani kinalala kazini, na mimi nalala nyumbani usingizi mmoja hadi adhana ya alfajiri.

Kuna jambo jingine ambalo mkeka ulinifundisha kuhusu kuwa juu, na naliona ni zito kuliko pointi zote. Katika mchezo huu, anayegonga anaachiwa palepale. Hakuna kubembeleza wala kueleza sababu. Kugonga mara mbili kwa kiganja ni neno la mwisho. Wapo dada kati yetu ambao katika maisha yao walishawahi kusema "basi" na wasisikilizwe. Kwa dada kama huyo, kulala chini ya uzito wa mtu mwingine si jambo jepesi, na kocha wetu hamlazimishi yeyote. Huanza na mwenzake amtakaye, kwa muda autakao. Lakini nimemwona mmoja wao akigonga, akaachiwa, akagonga tena, akaachiwa tena, mpaka uso wake ukabadilika. Alikuwa anajaribu kama neno lake lina nguvu, na akakuta linayo.

Kwa hiyo aliye juu ana amana. Ana uzito, ana nafasi, ana njia nyingi kuliko mwenzake, na ndiyo sababu anadaiwa masikio zaidi. Ninapokuwa juu ya msichana mgeni, nahama pole pole ili auone kila mlango ninaoupita na siku yake aupite. Asiyemsikiliza aliye chini atamuumiza, na pia hatadumu juu, maana habari zote za hatua inayofuata hutoka chini.

Haboba sasa ni mzee sana, na mguu haumpeleki mbali. Siku moja nilimtandikia mkeka sebuleni nikamwomba mdogo wangu anisaidie kumwonyesha. Nilifanya duara zima taratibu: ubavuni, goti tumboni, maunti, mgongoni. Alitazama kwa makini kama anavyotazama tabaga, kawa yetu ya Kinubi, inayosukwa, akisema "ngoja" kila asipoelewa, nami nikirudia. Alipotosheka, akaniuliza swali moja tu: huyu wa chini haumii? Mdogo wangu akamwambia haumii, akitaka kuachiwa anagonga. Haboba akasema, "Basi ni elimu." Tangu siku hiyo, jirani akihoji kwa nini mjukuu wake anaenda kupigana mieleka Kawangware, ni yeye anayemjibu.

Sitaki mtu asome ushuhuda huu akadhani kwamba nimegeuka kuwa shujaa wa njiani. Kocha anatufundisha kila mara: anayetaka simu yako mpe simu, anayetaka mkoba mpe mkoba, na ukiweza kuondoka, ondoka. Mtu anaweza kuwa na kisu, anaweza kuwa na wenzake, na lami ya Ngong Road si turubai. Elimu hii ni ya pale ambapo hakuna njia nyingine, ambapo anachotaka mtu ni wewe mwenyewe. Huko Korogocho, mtaa mwingine wa Nairobi, kuna kina shosho, yaani mabibi, ambao kwa miaka wamejifunza kujilinda kwa sababu hiyo hiyo. Hawakuanza kwa kupenda michezo. Walianza kwa sababu walichoka kuwa mawindo.

Nina neno kwa wanaofundisha. Msimzuilie mwanafunzi mwepesi somo la kuhama hadi awe na mkanda wa rangi. Mara tu anapojua kukaa ubavuni, mfundisheni goti tumboni, na kutoka hapo maunti, ili tangu mwanzo ajue kwamba juu ni mahali pa kutembea. Mwenye mwili mkubwa anaweza kusubiri. Mdogo asipolijua hilo mapema atadhani tatizo ni mwili wake, na ataacha.

Na nina neno kwa kina mama wa Kambi Muru, Mashimoni, Gatwekera na Kawangware. Mtoto wako wa kike akiomba kwenda mazoezini, mwache aende, na mara ya kwanza nenda naye. Uliza nani anafundisha. Uliza kama kuna zamu ya wanawake. Tazama kama mtu akigonga anaachiwa papo hapo. Usipoliona hilo, mchukue mwanao mwende pengine. Ukiliona, kaa naye. Akate kucha, avue hereni na pete, avae nguo isiyo na zipu wala vifungo, abebe maji. Koti si lazima siku ya kwanza. Likipatikana la mtumba Toi na ukosi wake umechoka, lileteni kwangu. Nitaushona ushike, na mtoto wa mwanzo wa kila nyumba sitamtoza.